Jinsi ya kupeleka kundi kwenye shoo za usiku na maonyesho ya sanaa Dar, na kila mtu akafika kwao

Jumamosi moja ya mwezi wa nne mvua ilikuwa imepiga tangu mchana, sisi tupo watu kumi na tisa nje ya geti huko Mikocheni, saa 6 na nusu usiku, na dereva wa Coaster hayupo. Napiga simu hapokei, napiga tena imezimwa. Tulikubaliana nae kwa mdomo tu, "mkimaliza mtanipigia", na hela yake alishapewa yote mchana. Ndani tulikuwa tumeona kitu kizuri sana, vijana wanacheza dansi ya kisasa juu ya ngoma za Kigogo, kuna dada alicheza amefungwa kitambaa machoni mpaka watu wakanyamaza kimya. Lakini ukiwauliza leo wale kumi na tisa wanakumbuka nini, wanakumbuka tope. Wanne hawakurudi tena kwenye kundi letu.

Kuanzia siku ile mtoko naupanga kutokea mwisho kwenda mwanzo. Kwanza watu watarudije makwao, afu ndo wataendaje, afu ndo hela, afu mengine yote. Nimefanya hivi mara nyingi sasa na naandika hapa kila ninachofanya, kwa sababu kuna watu wengi Tabata, Segerea, Mbagala, Kimara, wanapenda sana hivi vitu ila hawaendi, na ukiwauliza hawakwambii hawana hela, wanakwambia "nani atanirudisha?" Hasa wadada. Na upande wa pili kuna msanii kafanya mazoezi miezi mitatu anaonyesha mbele ya watu kumi na tano, nane kati yao ni wasanii wenzake. Hilo linaniuma kweli. Kundi moja la watu ishirini linabadilisha usiku wa msanii kabisa.

Kwanza jua kuna nini

Dar ina vitu vingi kuliko watu wanavyodhani, ila havitangazwi redioni kama shoo kubwa. Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu 2008, ina studio za wachoraji humo humo ndani, zingine zimetengenezwa na makontena, ina ukumbi wa maonyesho na jukwaa la nje, yani unaweza kwenda kuangalia muziki ukajikuta unaongea na mchoraji kazi yake bado ina rangi mbichi. Upanga kuna Alliance Française na Goethe-Institut, hawa wanaleta bendi, filamu, dansi, maonyesho ya picha. Soma Book Café nayo ipo huko Mikocheni, hapo ni mambo ya vitabu na ushairi, usiku wake ni wa utulivu na unaisha mapema, kwa kundi linaloanza ni pazuri sana. Makumbusho ya Taifa pale mjini nao huwa na maonyesho na shughuli za jukwaani.

Afu kuna muziki wa dansi wa zamani, ambao vijana wengi wanausahau. Msondo Ngoma ni bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, yani Sikinde, ni ya 1978. Ukisikia zinapiga mahali, nenda na kundi lenye watu wa umri tofauti. Nilimpeleka baba mdogo wangu na marafiki zangu watano wa miaka ishirini na kitu, yule mzee alikaa dakika kumi tu kwenye kiti, baada ya hapo ndo akawa anawafundisha wale watoto namna ya kukanyaga, na mpaka leo wananiuliza "baba mdogo anakuja?"

Na kuna singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani, nitaieleza chini kwa urefu kwa sababu ile ina utaratibu wake.

Fuata kurasa za sehemu hizi Instagram, washa taarifa, na kila jumatatu tenga nusu saa upitie. Ukiona kitu, usitume kwenye kundi hapo hapo. Piga simu kwanza uulize maswali manne: mlango unafunguliwa saa ngapi, msanii mwenyewe anapanda saa ngapi kweli (sio ile ya kwenye tangazo), kiingilio ni keshi au mnapokea kwa simu, na ni nje au ndani. Hilo la mwisho mwezi wa tatu mpaka wa tano ndo la kuuliza kabla ya yote. Mvua ikishuka vizuri Jangwani panajaa, Morogoro Road inafungwa, na mtu wa Magomeni aliyekuja Upanga anaanza kuzunguka mji mzima usiku.

Angalia na kalenda ya watu. Tarehe 25 mpaka 3 watu wana hela, tarehe 15 hawana, usilazimishe. Mwezi wa Ramadhani kwenye kundi letu hatupangi mtoko wa usiku kabisa, nusu ya watu wetu wamefunga na haipendezi kuwaacha nyuma.

Kurudi

Hapa tulia, usikimbie.

Chukua karatasi andika kila mtu anakaa wapi, sio "Tabata" tu, andika Tabata Bima, Tabata Kimanga, Segerea Mwisho. Ukishaandika utaona watu wanajipanga wenyewe kwa barabara. Tukitoka Mikocheni sisi huwa tuna wa Bagamoyo Road (Tegeta, Boko, Bunju), wa Morogoro Road (Ubungo, Kimara, Mbezi), wa Mandela (Tabata, Buguruni), na wa Kilwa Road yani Mbagala, na hawa ndo wanaoteseka kila siku kwa sababu wako mbali na kila kitu kinachotokea huku. Kila barabara ipate mkubwa wake mmoja, mtu mzima mwenye simu ya uhakika na asiyelewa.

Daladala usizihesabu kwa kurudi. Mwendokasi pia usiku mkubwa usiitegemee. Gari za kuita kwa simu zipo lakini shoo ikiisha watu mia mbili wote wanaita kwa wakati mmoja, bei inapanda, na dereva akikupigia swali lake la kwanza ni unaenda wapi, ukisema Mbagala anakata. Kwa hiyo watu wakizidi kumi na mbili mi nakodi gari. Hiace inatosha watu kumi na nne hivi, Coaster inaenda ishirini na kitu. Chini ya hapo tafuta Noah mbili za watu mnaowafahamu.

Na dereva, mambo yafuatayo sasa yanaandikwa kwenye meseji na yeye anajibu "sawa", sio kwa mdomo: saa ya kutuchukua, sehemu, saa ya kutoka, mitaa yote atakayopita kwa mpangilio, na kwamba yeye anabaki pale pale haendi kupiga tripu nyingine katikati. Nusu ya hela anapewa tunapoondoka, nusu mtu wa mwisho akishuka. Mlipie kiti au mpe chakula na soda, mtu amekaa masaa matano anakusubiri, ni binadamu. Kaka tunayemtumia sasa hivi huwa anaingia anaangalia shoo dakika kumi kumi afu anarudi kwenye gari, na siku moja alituambia yule mpiga marimba wa pili alikuwa bora kuliko wa kwanza, na alikuwa sahihi.

Kitu kingine muhimu kuliko vyote kwenye sehemu hii: panga mpangilio wa kushusha watu ili wa mwisho kwenye gari asiwe mdada peke yake na dereva. Hata kama njia inakuwa ndefu kidogo. Hata kama dereva mnamfahamu. Mkubwa wa barabara anashuka wa mwisho, hiyo ndo kazi aliyoikubali. Na mtu akishuka gari halitoki mpaka geti lake limefunguliwa na ameingia.

Hela

Sisi watanzania kuchangishana tunajua, harusi zetu zote zinaenda kwa kamati, kwa hiyo fanya hivyo hivyo tu, mwenyekiti awe mwingine na mtunza hela awe mwingine. Mi napanga, hela inakaa kwa mwenzangu mmoja ni mhasibu na kila muamala anaupiga picha anaweka kwenye kundi. Hatujawahi kugombana.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme gari ni 180,000, kiingilio 10,000, na watu 24 wamesema wanakuja. Usigawanye 180,000 kwa 24. Gawanya kwa 20, kwa sababu wanne watakwambia ijumaa jioni kwamba wameibukiwa na msiba, au bosi, au mtoto anaumwa, na ni kweli kabisa wameibukiwa, maisha ndo hayo. Kwa hiyo gari 9,000, kiingilio 10,000, na 1,000 ya dharura, jumla 20,000 kila mtu. Wakija wote 24 mna 480,000 mkononi na matumizi ni 420,000, hiyo 60,000 inayobaki unairudisha kesho yake, 2,500 kwa kila kichwa. Watu wakirudishiwa hela mara moja tu, mtoko ujao wanalipa siku hiyo hiyo ulipotangaza.

Nusu ilipwe mpaka jumatano, iliyobaki mpaka ijumaa saa 12 jioni. Asiyelipa hayumo kwenye gari, mwambie kwa upole lakini usimwekee kiti. Na waambie watume na ya kutolea, watu ishirini wakisahau ya kutolea mtunza hela ndo anaibeba.

Bia na soda hazimo kwenye mchango, kila mtu na mfuko wake. Kundi letu wapo wanaokunywa, wapo wasiogusa, mkichanganya hela ya vinywaji manung'uniko yanaanza wiki hiyo hiyo.

Na jamani kiingilio lipeni. Kuna tabia ya kufika mlangoni watu ishirini afu kiongozi anaanza "sisi tuko wengi, tufikirie", na yule dada wa mlangoni anabaki hajui afanye nini, foleni imesimama. Kama unataka punguzo la kundi mpigie mwandaaji siku nne kabla, kistaarabu, akikataa amekataa. Watu 24 kwa 10,000 ni 240,000, na kwa bendi changa hiyo ndo nauli na chakula cha usiku ule.

Tangazo la kwenye kundi

Fupi, na liwe na kila kitu, kwa sababu watu hawasomi meseji tano. La kwetu linakuwa hivi: "Jmosi tarehe 28. Ngoma na dansi, Mikocheni. Gari linaondoka Tabata Relini saa 11:30 jioni, Ubungo saa 12:10. Msanii anapanda saa 2. Tunatoka saa 5:30 usiku. 20,000 yote, nusu mpaka jtano. Ni nje, njoo na kitu cha kujifunika. Jiandikishe hapa chini, jina na unakoshuka." Basi. Watu wananakili orodha wanaongeza jina lao chini, namba moja, mbili, tatu.

Saa ya gari iwe saa ya kweli. Ukiandika saa 11 ukimaanisha 11:30, mara ya pili watu wanajua, wanakuja saa 12. Andika 11:30 na uondoke 11:40. Nilishaondoka nikamwacha rafiki yangu wa damu kabisa pale Relini, alikuja na boda mpaka Mwenge akiwa amenuna, na toka siku ile yeye ndo anafika wa kwanza.

Siku yenyewe

Kuleni kabla. Sehemu nyingi za sanaa chakula ni kidogo au kinachelewa, na mtu mwenye njaa saa 3 usiku anataka kuondoka. Sisi huwa tunasimama mahali pa chipsi mayai na mishkaki, dakika ishirini tu, au kama tuko njia ya Oysterbay tunapita Coco Beach kwenye mihogo.

Kwenye gari kila mtu anapewa mwenzake wa usiku ule, wawili wawili, na sio marafiki waliokuja pamoja, wachanganye. Kazi yake ni moja tu, ajue mwenzake yuko wapi. Ukihesabu watu ishirini na nne gizani unakosea, lakini ukiuliza "nani hamwoni mwenzake?" jibu unalipata kwa sekunde tatu. Wageni wape mwenyeji. Mtu aliyekuja mara ya kwanza akikaa peke yake nusu saa nzima ameshika simu, humwoni tena.

Chagueni sehemu ya kukutana kukiwa bado na mwanga, kitu kisichohama, mti, nguzo, kibanda cha tiketi. Simu zinaisha chaji na muziki ukiwa juu hakuna anayesikia.

Ndani, mambo ya adabu machache. Mtu akiwa anasoma shairi au anacheza dansi ya kimya usipige stori. Simu ikae bila flashi. Kama kazi hujaielewa subiri imalizike umuulize msanii mwenyewe, hawa watu sio mastaa wa mbali, wanakaa pale nje na wanapenda kuulizwa. Mchoraji mmoja alitueleza robo saa nzima kwa nini anachora daladala bila abiria. Na mtu akivaa au akicheza tofauti na ulivyozoea, muache, yuko sehemu yake na wewe ndo mgeni.

Singeli na vigodoro

Singeli inayopigwa Uganda kwenye tamasha la Nyege Nyege na kwenye majukwaa ya Ulaya imezaliwa hapa hapa, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, yani zile shughuli za mtaani za usiku kucha. Studio ya prodyuza Sisso ya Mburahati ndo zilikotoka nyimbo za ule mkusanyiko wa singeli uliosambaa nje mwaka 2017. Mapigo yake ni zaidi ya 200 kwa dakika, na mwili ukishasikia hauulizi tena. Kwa hiyo kuishia kuiona kwenye jukwaa la ushuani tu wakati kwao ni dakika ishirini na bajaji, mi naona ni kujinyima.

Ila huendi kama mtalii. Unatafuta mwenyeji, mtu wa mtaa ule ule, na yeye anawapeleka kwa mwenye shughuli kabla hamjasimama popote. Mara ya kwanza nilipoenda Mburahati mwenyeji wetu alitupeleka moja kwa moja kwa mama mwenye shughuli, alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni anakunja leso. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mmekuja wangapi?" Tukamwambia kumi na moja. Akaangalia viatu vyetu afu akaita binti atafute mabenchi. Tulimpa mchango wake kwenye bahasha, kama unavyofanya shughuli yoyote ya mtu, na usiku mzima hakuna aliyetugusa wala kutuuliza nyie ni nani.

Uliza mapema kama mwenye shughuli ana kibali cha serikali ya mtaa. Vigodoro vimepigwa marufuku mara kadhaa sehemu mbalimbali na kama hakuna kibali shughuli inaweza kuvunjwa saa 5 watu wakakimbia ovyo, na kundi la wageni ndo linalopotea kwenye vichochoro. Nendeni wachache, kumi na mbili mwisho. Viatu vya kufunga. Simu ya bei kubwa na noti kubwa ziache nyumbani, beba noti za 500 na 1,000 za kutunza, kwa sababu pale anayeimba anatunzwa, unasogea unamwekea mkononi huku unacheza, hurushi kutoka mbali.

Na kurekodi usirekodi mpaka umeomba. Kina mama wanacheza kwenye shughuli yao, usiku, wamejiachia, hawajacheza ili waende kwenye stetasi yako.

Simameni karibu na dijei kama atawaruhusu. Yule tuliyemkuta alikuwa kijana hata ishirini hajafika, laptopu imewekwa juu ya kreti la soda, kifuniko cha kibodi hakipo na herufi nyingine zimefutika kabisa, vidole viwili tu ndo vinafanya kazi na vinaenda haraka mpaka huvioni, kila akibonyeza uwanja mzima unaruka. Vumbi linapanda mpaka taa inakuwa ya njano. Pembeni yake kuna mdogo wake kashika waya wa spika kwa mkono, asiuachie, maana ukilegea sauti inakata. Alishika masaa mawili.

Mkishakuwa wazoefu

Nendeni Bagamoyo kwenye tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa, ni kama kilomita 70, mnaenda na kurudi au mnalala. Na tamasha la muziki la Sauti za Busara Zanzibar, huwa mwezi wa pili, lilianza 2004 na kwa miaka mingi limekuwa pale Ngome Kongwe. Hiyo anzeni kuchangishana mwezi wa kumi. Boti ni kama masaa mawili, kitambulisho lazima, vyumba vya Mji Mkongwe vinajaa mapema sana, na shoo zinaisha usiku kwa hiyo hakuna habari ya kurudi siku hiyo. Mchana mkiwa mitaani vaeni nguo za heshima, ni mji wa watu.

Baada ya shoo

Dakika kumi na tano kabla ya saa ya kutoka wakubwa wa barabara wanaanza kukusanya, kwa kuwaambia watu mmoja mmoja sikioni, sio kupiga kelele. Mnakutana pale kwenye mti mliochagua, mnaulizana nani hamwoni mwenzake, mnapanda. Mkiwa kwenye gari zima muziki kwa muda, watu wanaongea vizuri sana usiku ule wakirudi, kuna mambo ya ile shoo nimeyaelewa nikiwa Ubungo kwenye foleni kwa sababu mtu wa kiti cha nyuma kaeleza.

Kwenye kundi naweka orodha ile ile ya majina, na kila anayefika ndani kwake anaweka tiki mbele ya jina. Mi simu siiweki chini mpaka tiki zote zimejaa. Aliyechelewa nampigia, akiwa hapokei nampigia mkubwa wa barabara yake, na kila mara mpaka sasa imekuwa ni mtu amelala na nguo zake.

Asubuhi mtunza hela anaweka hesabu, chenji zinarudi, na nakala ya hesabu inabaki kwenye kundi. Halafu namtumia mwandaaji meseji namwambia tulikuwa wangapi na kitu gani kilitugusa, na namuuliza kinachofuata ni lini.